Gumba la Simey Cawley

Nonie Cawley hakuwa mtu wa kusemewa. Alizaliwa Ayalandi, kando ya barabara ya Loughrea, chini ya gari la farasi, kwa sababu ndani kulikuwa na watoto wawili wenye surua. Shule alisoma mpaka akapata komunyo ya kwanza, akaongeza miaka miwili, basi. Iliyobaki aliisoma milangoni mwa watu, akiuza ndoo na makopo aliyofua baba yake. Aliolewa, akazaa tisa, akazika mume, na jina la baba hakuliacha. Akiwa na miaka sabini na mitano alikuwa bado anawakumbuka farasi wote waliopata kuvuta gari lao, kwa majina na kwa vilema.

Kwa hiyo Miley, mtoto wa mdogo wake wa kiume, alipomletea mchoro wa jiwe jipya la kaburi la babu yake, yaani baba wa Nonie, Nonie alivaa miwani na kuusoma polepole. Marumaru nyeusi, ndefu kuliko mtu. Ngumi mbili za dhahabu. Chini yake: SIMEY CAWLEY, HAKUWAHI KUMWAMBIA MTU "WEWE BORA".

Kwetu Wasafiri, watu wa kuhamahama na magari ya farasi, wawili wakipigana ngumi kavu, hakuna kengele wala pointi. Yanaisha pale mmoja anapotamka kwa kinywa chake, "Wewe bora." Wanapeana mkono, na yamekwisha.

"Unalionaje, shangazi?" Miley akauliza. "Fundi anataka jibu kabla ya Ijumaa, ili liwahi Jumapili ya kubariki makaburi."

"Na akina Delaney watakuwepo."

"Waje! Wasome! Babu alimvunja Ned Delaney taya kwa mkono wa kulia, saa mbili nzima walipigana, Ned akanywa supu kwa mrija miezi mitatu. Nani asiyejua?"

Nonie alijua. Hadithi hiyo aliisimulia yeye mwenyewe kwa watoto wake tisa, na kila alipoisimulia shingo ilimnyooka. Lakini kusimulia kwenye moto ni kitu kimoja, na kuchonga kwenye jiwe, padri akalinyunyizia maji ya baraka, ni kitu kingine. Hapo ndipo viazi vilipomjia kichwani.

Siku ile, mwaka hamsini na sita, yeye ana miaka minane, kwenye maonyesho ya farasi ya Ballinasloe. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ateleke viazi wanaume walipokuja kumwita baba. Baba aliporudi, mama alikuwa anamwaga maji ya viazi. Havikuungua. Havikupondeka. Nonie alipewa cha kwanza, kikamchoma ulimi.

"Viazi gani vinachemka kwa saa mbili nzima, Miley?"

"Shangazi, tunaongelea ngumi, wewe unaleta mapishi?"

"Na kesho yake alifua ndoo kumi na mbili za mwenye duka. Nilimshikia bati mimi. Gumba la kulia lilikuwa na kitambaa, lakini nyundo aliishika. Mtu aliyevunja taya kwa mkono ule angeishika?"

Miley akakuna kichwa. "Kwa hiyo unasema babu hakupigana?"

"Sijasema kitu. Nipeleke kwa Jimsy Doran."

Jimsy Doran ndiye aliyekuwa mshika haki wa pambano lile. Mshika haki lazima atoke kwenye ukoo usio na undugu na upande wowote; ndiye anayewatenganisha wakikumbatiana, ndiye anayezuia kung'ata. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Sasa alikuwa na tisini na miwili, yuko kwenye nyumba ya wazee, amekaa dirishani, kofia kichwani kama mtu anayesubiri kuondoka. Miley alibaki kwenye gari. Alisema harufu ya dawa inamkera. Alichokuwa akiogopa ni jibu.

"Wewe binti Simey," Jimsy akasema kabla hajaambiwa. "Una pua yake. Pole."

"Pole na wewe, mzee, maana yako inakaribia kugusa kidevu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nonie akavuta kiti.

"Nimekuja kukuuliza la Ballinasloe. Unieleze kama ulivyoliona, si kama linavyosimuliwa."

"Miaka sitini na saba, na hakuna Cawley hata mmoja aliyepata kuniuliza."

"Ndiyo nakuuliza."

Jimsy akamgeukia. "Haikufika nusu saa. Baba yako alikuwa mwepesi, Ned alikuwa mzito. Mkono wa kushoto wa baba yako ulimchana Ned juu ya jicho. Mimi nilidhani ni suala la muda tu. Kisha akapiga wa kulia, Ned akainamisha paji la uso, gumba likatua kwenye mfupa. Nilisikia mlio. Simey akarudi hatua mbili, akalikunja gumba, akalikunjua. Likakunjuka, kwa shida. Akasema, 'Ned, wewe bora.' Kwa sauti. Wote tukasikia."

Nonie akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nikamfuata," mzee akaendelea. "Nikamwambia, Simey, una wazimu? Ulikuwa unashinda! Akaniambia, 'Jimsy, nina watoto saba, na gumba la nyundo ni moja. Ngumi nyingine kama ile, tunakula nini baridi hii?'"

"Mbona ikasimuliwa vingine?"

"Waliosikia walikuwa thelathini. Waliosimulia walikuwa mia tatu. Na baba yako alipoulizwa alikuwa anasema, 'Nenda kamuulize Jimsy.' Nilikuwa nawasubiri mje."

Nonie akamshukuru, akamwekea mkate wa zabibu alioupika mwenyewe, akatoka. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea na baba mmoja, na sasa amepewa mwingine, hata hajui atamsalimia vipi.

Garini akamweleza Miley neno kwa neno. Miley akapiga usukani.

"Mzee yule amechakaa! Hajui hata leo ni siku gani!"

"Ni Jumatano. Aliniambia yeye."

"Shangazi, nimeshawaambia watu jiwe linakuja na ngumi. Wakijua babu alisema 'Wewe bora' mbele ya kadamnasi, mimi nitapita wapi?"

"Utapita ninapopita mimi." Nonie akamgeukia. "Baridi ile ya hamsini na sita, baba yako alikuwa anatambaa. Alikula nini?"

Miley akawasha gari.

"Nakuuliza. Alikula nini?"

"Ndoo," Miley akasema hatimaye, kwa hasira.

"Alikula ndoo. Zilizofuliwa kwa gumba lile. Wewe usingekuwepo hapa kunipigia usukani."

Wakaenda hadi nyumbani, Miley amenuna. Lakini Alhamisi asubuhi Miley mwenyewe ndiye aliyempigia simu fundi wa mawe. Ngumi zikatolewa. Pakachongwa nyundo na ndoo, na chini ya jina maneno mawili tu: FUNDI BATI. Nonie alitaka hata misumari ya vishikio vya ndoo ionekane, fundi akalalamika, akaichonga.

Jumapili ya kubariki, padri alipopita na maji yake, akina Delaney walikuwa mistari miwili ya makaburi nyuma. Christy, mtoto wa Ned, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuja akasimama mbele ya jiwe na kuvua kofia. Miley akajiweka karibu, mabega juu.

"Niliambiwa mtaweka ngumi," Christy akasema.

"Tumeweka kazi yake," Nonie akajibu.

Christy akaitazama ndoo. "Baba hakujisifu kwa siku ile, unajua? Alikuwa anasema mkono wa kushoto wa Simey ulikuwa kama lango la zizi likibamizwa na upepo. Alishukuru Mungu kwa lile gumba mpaka anakufa."

Wakapeana mkono. Miley naye akautoa wake, akakohoa, akauliza habari za farasi.

Jioni, uwanjani kwetu, chai ilipomiminwa, Nonie alimsikia Miley kwenye kundi la wanaume, sauti juu: "Mtoto wa Ned mwenyewe kanambia! Mkono wa kushoto wa babu, kama lango la jela!"

Nonie akaweka kikombe chini.

"Zizi, Miley," akaita. "Alisema zizi."