Watu Ambao Baba Hakuwataja

Baba aliongoza askari kumi na wawili nyuma ya safu za Wajapani katika misitu ya Burma, akawarudisha wote hai. Nyumbani Nkende hakuruhusiwa kula chungu kimoja na watoto wake.

Nilipopata akili, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tayari alikuwa na kibanda chake nje ya ua, bakuli lake na kigoda chake. Mila ilikuwa wazi: aliyeua mtu hutakaswa kwanza, ndipo arudi kwa mkewe na kula na watoto wake. Askari wengine wa kijijini walitakaswa mara waliporudi kutoka vitani. Kila mmoja alisimama mbele ya wazee, akasema aliua wangapi, wapi, na kwa silaha gani. Kondoo akachinjwa, yakaisha.

Baba hakusema. Kikosi chake kilitumwa kuua kimyakimya, na afisa wa Kizungu aliwaapisha wasimweleze yeyote mpaka yeye mwenyewe awafungue.

"Mura, kijana wetu, taja hata mmoja," mzee mmoja alimwambia siku nilipopeleka pombe ya wimbi kikaoni.

"Niliapa, mzee wangu."

"Mzungu afunge, sisi tufungue? Sisi mafundi wa kufuli?"

Wazee walicheka. Lakini hakuna aliyemshauri avunje kiapo. Kwetu mvunja kiapo huzika watoto wake.

Nilipofika darasa la nne nilimwandikia yule afisa barua kwa maneno ya baba, akiomba afunguliwe. Karani mmoja mjini Tarime aliitafsiri, akaituma. Tulingoja mavuno mawili. Jibu kutoka jeshini lilisema afisa aliacha jeshi, na alipo hapajulikani.

Mwaka huohuo mama aliugua kifua. Hakutoka tena kitandani, na baba hakuweza kuingia kumwona. Alikuwa akiniuliza mimi: amekula? Amelala? Nami nilimjibu kama ninavyomjibu jirani.

Mchana mmoja alikuja na kigoda, akakaa nje ya dirisha la mama, akazungumza mpaka ng'ombe wakarudi. Nilikuwa uani nachambua mboga. Nilisikia sauti, sikusikia neno. Nilipompelekea mama uji, alisema, "Amemaliza. Wote."

"Wangapi, mama?"

"Uji wako umepoa."

Alifariki siku ya tatu.

Baada ya mazishi wazee walikaa. Baba alisema ameshataja.

"Nani alisikia?"

"Mke wangu."

"Marehemu atatushuhudiaje?"

Mwingine akasema kwamba kama kweli alitaja, basi amevunja kiapo, na watoto wake wako hatarini. Wa tatu akasema mke na mume ni mtu mmoja, hivyo baba alijisemea mwenyewe, na damu bado iko mikononi. Walibishana mpaka jua likazama, wakaahirisha.

Mpaka naolewa, baba alikuwa bado anakula peke yake, na kikao kile kilikuwa hakijaitishwa tena.