Siku Niliyofukuza Ng'ombe za Muzee Ezekieli

Ndugu zangu, kuna mambo mutu anafanya halafu anahama avenyu, anahama mutaa wake, na mi ningehama kama ningekuwa na pahali pa kuhamia. Mpaka leo nikipita Mabanga, hapa Goma, nashusha kofia mpaka kwenye nyusi, na bado kuna mama mumoja wa makaa ananiona tu, ananiita kwa sauti, "Prof! Leo unaona nini njiani?" na wenzake wanacheka, na mi nacheka pia, maana nifanye nini. Nitawasimulia, lakini musinikatishe, kwa sababu nikisimama katikati sitafika mwisho.

Munajua nafundisha filozofia kwa darasa la sita ya sekondari, kule Katoyi, shule ambayo madirisha yake hayana vioo tangu mapigano. Mi nawauliza watoto kweli ni nini, haki ni nini, wao wananiuliza kama kesho kutakuwa na masomo (na swali lao ndilo gumu zaidi). Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, tunakutana watu sita saba nyuma ya saluni ya rafiki yangu Gedeoni, anyoaye nywele, na tunabishana: kama serikali isiyoonekana bado ni serikali, kama desturi iliyohama mulima wake bado ni desturi, kama heri mutu adanganywe apate usingizi au ajue kweli akose usingizi. Hilo la mwisho ndilo lilinipoteza. Gedeoni alisema watu wanahitaji uongo kidogo, chai bila sukari haishuki. Nilimumaliza siku ile! Nilimumaliza mpaka wakanipigia makofi, na nikarudi nyumbani kifua mbele, na sherehe ya mudogo wangu ilikuwa wiki iliyofuata.

Mudogo wangu Janvier alikuwa anamutaka Solange, binti ya Muzee Ezekieli. Vita ilikuwa imewaahirishia sherehe mara mbili, na Janvier alikuwa amekonda kwa kungoja. Muzee Ezekieli ni mutu wa milima ya Masisi. Kule alikuwa na ng'ombe, nyingi, watu wa huko wanamuita mpaka leo kwa jina la kundi lake, halafu siku moja kukawa risasi, na jioni hakukuwa na hata ndama. Sasa anapanga nyumba ya mbao pale Mabanga, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo hata mbuzi haipati cha kula, na anashinda kwenye kiti na fimbo yake mapajani.

Nyinyi munajua kwetu kuomba muke kunakwendaje, lakini niseme kwa yule asiyejua. Kila upande una musemaji wake. Wa kwao anajifanya hatujui, anatuuliza tumepotea njia au namna gani, sisi tunajinyenyekeza, watu wanacheka. Halafu zinakuja ng'ombe za mahari. Zamani zilikuwa zinakuja kwa miguu, lakini hapa mujini wazee wanamaliza malipo yao pembeni, na mbele ya watu tunazisema tu kwa mudomo. Mutu mumoja wa upande wao anashika fimbo, anatoka nje ya mulango kama anayeenda malishoni, anatazama, anarudi, anaeleza alichoona, hata akitaja ng'ombe anazozijua yeye mwenyewe. Hapo musemaji wetu anasimama na kujibu: "Umeona vizuri. Ndizo." Basi! Maneno matatu, hata mulevi anaweza.

Musemaji wetu alikuwa awe baba mudogo Faustin, analima kabichi Kibumba na ameshaozesha nusu ya ukoo. Mi nikasema, "Baba mudogo, wacha niseme mi. Nasimama mbele ya watu sitini kila siku." Akanitazama sana. "Kule unafundisha," akasema. "Huku ni kingine. Njoo kwangu kabla ya siku yenyewe nikuonyeshe." Nikasema nitakuja, na sikuenda. Nilijiambia, mutu aliyemumaliza Gedeoni ataonyeshwa nini na kabichi?

Siku ikafika. Walitandika bashi, turubai kubwa, juu ya uwanja, viti vya kuazima, kreti za Fanta, mikro ya kusemea ya kanisa. Musemaji wao, Papa Semu, muzee mucheshi wa meno machache, akaanza: "Ninyi watu muliovaa kravati shingoni, mumepotea njia?" Nikachukua mikro, nikajibu, "Papa, swali lako ni kubwa. Katika muji huu, nani hajapotea njia?" Wakacheka! Hata mama ya Solange alicheka na kitambaa mudomoni. Kule nyuma Gedeoni na wenzake wa saluni wakapiga makofi, na mi nikajiona niko kwenye kiti changu cha Jumamosi. Kicheko kile ndicho kiliniua.

Ikafika zamu ya ng'ombe. Papa Semu akamuita mutu wa fimbo, lakini kabla hajasimama, akasimama Muzee Ezekieli mwenyewe. Watu wakanong'ona, maana baba wa binti haendi, yeye anakaa anangojea habari. Akasema polepole, "Leo nitaenda kuziona mi mwenyewe." Alikuwa amevaa koti refu la zamani na kofia yake ya malishoni. Akatoka, mulango wa mabati ukafungwa nyuma yake, na akakawia. Alikawia mpaka watoto wakaanza kuchungulia.

Aliporudi hakuwa yule muzee wa kwenye kiti, ndugu zangu. Mugongo ulikuwa umenyooka. "Nimeziona," akasema, hata hakuhitaji mikro. "Mbele iko Bihogo, ile nyekundu iliyoiva, pembe zake zimefunguka hivi." Akainua mikono juu ya kichwa. "Nyuma yake iko Gitare, nyeupe, na ndama yake bado inanyonya. Zimeshiba. Zimekunywa maji. Gitare ilinitazama, ikanijua." Wamama wakapiga vigelegele. Muzee akanigeukia, macho yanang'aa, akaniuliza mi mbele ya watu wote: "Musemaji, ndizo?"

Maneno matatu tu.

Mi nikasema, "Muzee, kwa heshima yote..." (Mutu akianza na kwa heshima yote, mumunyang'anye mikro hapo hapo.) "Kwa heshima yote, mi nimekaa karibu na mulango. Kule nje iko pikipiki moja iliyoharibika na mama anayeuza makaa. Ng'ombe hakuna." Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha mutu asiyejua atazame wapi, na mi nikadhani ni sifa. Nikaendelea! "Wakubwa wanatuahidi barabara, tunapiga makofi, barabara hakuna. Wanatuahidi amani, tunapiga makofi. Tulijifunzia wapi kupigia vigelegele kitu kisichokuwepo? Ni hapa, nyumbani kwetu, kwenye sherehe zetu!" Kimya. Angalia mwalimu na kimya: darasani kikiingia unakijaza haraka, na mi nikakijaza. Nikasema, "Ng'ombe zenu zilikwisha, Muzee, mulima uko kule na ninyi muko huku, na desturi inayoogopa kusema hivyo ni..."

Nilikuwa natafuta neno. Niliamini kabisa kwamba ni neno tu lililokosekana. Janvier akanivuta koti kwa nyuma, nikarudi hatua moja, nikakanyaga waya, mikro ikapiga kelele ya kupasua masikio, na mi nikaangukia kreti za Fanta na suti ya kuazima. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa chini, nimelowa sukari mpaka kwenye soksi, nikawaomba kimoyomoyo wacheke, na hawakucheka.

Muzee Ezekieli alikuwa bado amesimama. Akautazama ule mulango wa mabati kwa muda, halafu akaegemeza fimbo kwenye ukuta, akavua kofia, akaingia nyumbani na kufunga. Nyumba ya mbao haifichi kitu. Tulimusikia sote, muzee wa miaka ile, analia kama mutu aliyepata habari ya musiba sasa hivi.

Halafu akatoka Solange, na bibi arusi hatoki kabla ya ng'ombe kupokelewa. Alitoka amevaa, amepambwa, akamutazama Janvier, akasema kwa sauti ndogo, "Murudi nyumbani, Janvier. Murudi tu." Papa Semu akatusindikiza kwa mukono, chakula kinanukia na hakuna aliyekigusa. Nje, yule mama wa makaa alikuwa amesikia yote. Akanishika mukono wenye Fanta. "Prof," akaniambia, "yule muzee alisimama hapa akanyoosha mukono anapapasa kitu, anakisemesha. Mi nilisogeza gunia langu ili zipite. Weye ulikuwa unaona nini?"

Wiki mbili Janvier hakunisemesha, na tunalala ukuta mumoja. Nilimusikia usiku na muchana anatembea mule ndani, anatembea. Saluni sikwenda. Mwishoni baba mudogo Faustin akashuka kutoka Kibumba, hakunigombeza hata kidogo (ningependa anigombeze), akasema tu, "Vaa. Twende ukaombe musamaha, na safari hii mi ndiye ninasema." Tukaenda. Alisema kwa niaba yangu maneno mazuri, ya kuzunguka, yenye kuinama, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba ile ilikuwa kazi, na kwamba siijui.

Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia mi moja kwa moja, "Prof, hao wakubwa wanaokudanganya habari ya barabara wanataka kitu kwako. Mi nilitaka nini kwako? Ulidhani sijui kwamba nje iko pikipiki? Nakaa hapa, ile pikipiki naiona kila asubuhi."

"Najua, Muzee. Nilikosa."

"Wiki nzima nilikuwa najitayarisha. Nilizichagua kati ya zote nilizokuwa nazo kule Masisi, nikasema, nani atamusindikiza binti yangu? Nikachukua Bihogo, nikachukua Gitare. Siku ile nilipotoka nje zilikuwa pale. Nilikuwa nazo muchana mumoja tu, mwanangu."

Nikapiga magoti, kweli, mi niliyesema Jumamosi moja kwamba mutu huru hapigi magoti. Nikamuambia, "Muzee, nisimulie tena. Zile pembe, na ile ndama. Nitanyamaza."

Akafumba macho. Alijaribu, nilimuona anajaribu, midomo inatikisika. Halafu akafumbua. "Siwezi," akasema bila hasira. "Sasa nikifumba macho naona ile pikipiki."

Binti yake Muzee alimutoa, mutoto hana kosa, alisema hivyo mwenyewe. Walifanya upya mwezi uliofuata, watu wachache, bila mikro. Baba mudogo Faustin alisema yote. Fimbo alipewa kijana wa ukoo, akafika mulangoni, akarudi mbio mbio, akasema, "Zipo," na baba mudogo akajibu, "Umeona vizuri. Ndizo." Muzee Ezekieli alikuwa kwenye kiti, hakuinua kichwa. Mi nilikuwa nimewekwa safu ya nyuma kabisa, karibu na sufuria, na nilitaka kusimama nipige kelele kwamba naziona, nyekundu mbele, nyeupe nyuma, lakini nani angeniamini mi.

Janvier na Solange wana mutoto sasa, na ananiita baba mukubwa. Filozofia nafundisha bado, maana ndiyo kazi, na watoto wakiniuliza kweli ni nini naandika ubaoni yale ya kitabu, wananakili. Lakini mikro ya sherehe sitashika tena mpaka munizike. Na mutu yeyote akiniambia, hapa Goma, kwamba ameona ng'ombe zake, namuuliza zina rangi gani, halafu nafunga mudomo nasikiliza.