Nilivyompigia mama wa watu X nyekundu ukutani kisa route ya baiskeli ya Makambako

Wakuu, habari za jioni. Kaeni mkao wa kusoma, na nawaapia hii siyo chai. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyoipata.

Kijiji sikitaji. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Njombe, mtaa wa Ramadhani. Umri ulisogea, tumbo likasogea nalo, presha ikapanda. Daktari akaniambia nichague, mazoezi au tuwe tunaonana kila wiki. Nikanunua road bike ya mtumba. Tukajikuta watu watano, kila Jumamosi asubuhi tuko barabarani.

Kabla sijaendelea mjue kitu kimoja: mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akinunua kufuli mbili najiuliza ya pili ya nini. Mke wangu anasema hata salamu naipokea kwa masharti.

Sasa, lami ya Njombe kwenda Makambako ni nzuri, ila malori yake yakikupita yanakusukuma mpaka mtaroni. Nikaanza kutafuta njia ya pembeni, na nikaipata.

Unachepuka unaingia vumbi lililoshindiliwa vizuri. Mlima, bonde, mlima, bonde. Viazi, paini, parachichi changa kila upande, mpaka unatokea Mahongole na hapo Makambako ndiyo umefika. Mnaosema Njombe ni baridi tu, njooni mpande ule mlima wa tatu halafu mniambie sweta mmeliacha wapi.

Shida yake ni njiapanda. Ziko nyingi na zote zinafanana.

Basi tukapata wageni, waendesha baiskeli wa Iringa, wanakuja ride Jumamosi. Mimi na kiherehere changu nikajitolea kuweka alama. Alhamisi nikachukua kopo la rangi nyekundu dukani, na brashi, nikaondoka. Pa kukunja nachora mshale. Pasipopitika naweka X.

Naona kuna watu humu wameshashika vichwa. Mimi wala sikuona tatizo, nilijiona mtaalamu.

Njiani watu walianza kunitazama vibaya. Kina mama wawili wenye majembe niliwasalimia kwa Kibena, "Kamwene", wakaitikia kwa mbali, wakasimama wakiniangalia mpaka nikapotea. Jamaa wa bodaboda akanifuata mlima mzima taratibu, hanipiti wala hageuzi. Nikasema huyu anaitaka baiskeli yangu. Nikakaza miguu.

Ndiyo maana njiapanda ya mwisho nilifika nina haraka. Hapakuwa na jiwe wala mti wa karibu. Palikuwa na kijumba cha matofali ya kuchoma, mlango umefungwa, kimya kabisa. Nikajiambia hii ni stoo ya mbolea. Nikauchapa ukuta X kubwa, nikasepa.

Jumamosi tukaja watu kumi na wawili, jezi zinang'aa, mimi niko mbele natamba na mishale yangu.

Kufika pale, ile nyumba haina paa.

Bati zimepangwa chini. Mlango umeng'olewa. Godoro nje, masufuria nje. Mama wa kama miaka sitini amekaa juu ya gunia la mahindi, amejifunika kitenge, anatetemeka kwa baridi. Majirani wamejaa. Walikuwa wamemsaidia kuezua kabla tingatinga halijaja, asije akapoteza nyumba na bati pia.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nchi hii nani hajui X nyekundu ukutani maana yake nini? Mimi muuza rangi sikulifikiria hilo!

Mwenyekiti wa kitongoji akatusimamisha. "Ninyi ndio mnaopima barabara?"

Wageni wakasema hapana. Mimi kimya. Nakiri mbele yenu, wakuu, nilikuwa napanga kunyamaza hivyo hivyo mpaka tuondoke. Ila nilikuwa nimevaa glavu zile zile za Alhamisi, na aliyeziona ni mama mwenyewe.

"Baba, mbona mkono wako una rangi?"

Nikasema yote. Mnadhani kuna aliyeniamini?

"Mtu mzima na ndevu zako upake nyumba ya mtu rangi ili upite na baiskeli?" mwenyekiti akauliza. Watu wakaguna. Wakakubaliana kwamba mimi ni afisa wa serikali, nimewaogopa tu ndiyo maana najikanyaga.

Aliyeniamini ni mmoja, shemeji wa yule mama, mdogo wa marehemu mumewe. Akanivuta pembeni. "Kwa hiyo haivunjwi? Una uhakika?" Aliniuliza mara tatu, na kila nikimjibu anapumua na kutabasamu. Nikamtilia shaka pale pale. Paa la shemeji yako liko chini, wewe unatabasamia nini?

Huyo mama nimwite mama Salome. Jumapili baada ya ibada nilirudi na fundi, mbao na misumari, tukaezeka upya. Nilishika nyundo mwenyewe mpaka kiganja kikatoka malengelenge. X nikaifuta kwa chokaa mikono mitatu. Wakati wa kuondoka nikataka kubeba lile kopo langu la rangi.

"Acha tu," akasema. "Nitapaka madirisha."

Nikaacha. Ningemnyima kwa uso gani?

Wiki mbili baadaye napita na group, X imerudi. Tena kubwa kuliko yangu, imenyooka vizuri kuliko yangu. Bati zipo juu, moshi unatoka jikoni, mama Salome yuko shambani anapalilia viazi wala hana habari.

Nikaanza kushuku. Kwanza wenzangu, hasa Fidelis wa kwetu kwenye group, maana utani wake hauna breki. Aliapa mpaka akataka kulia. Nikahamia kwa shemeji mtu. Nikaona kila kitu kimekaa sawa: ameona mama anavyotishika, ameiba rangi, anataka amhamishe kabisa.

Jumatatu nikafunga duka nikaenda kwake. Nilimfokea mbele ya mkewe, sikumbakizia.

"Mimi?" akaruka. "Mimi ndiye ninayeumia! Mnunuzi wangu amenikimbia mara ya pili!"

"Mnunuzi wa nini?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akaangalia pembeni.

Nikaenda kwa mama Salome. Akanikaribisha jikoni, akaniwekea chai na viazi vya kuchemsha, hakusema kitu mpaka nilipoanza kula. Ndipo nikaziona kucha zake. Nyekundu. Nikageuka kuangalia madirisha. Hayajaguswa.

"Hapa ndipo mume wangu aliponiacha," akasema. "Huyu mdogo wake anasema ni pa ukoo, anamuuzia mtu wa parachichi. Kwa mwenyekiti nimekwenda mara tatu, ananijibu tukayamalize kifamilia. Wewe ulipopiga alama yako, mnunuzi alikuja kesho yake, akaiona, akageuza gari. Mimi sikujua kilichomfukuza, nilikuwa nalilia bati zangu. Ulipoifuta Jumapili, Jumatatu akarudi na futi ya kupimia."

"Kwa hiyo mama..."

"Kwa hiyo wewe ukipita, pita tu. Usinifutie tena."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikamwona yeye hacheki, anautazama ule mlango ambao wiki mbili nyuma aliung'oa kwa mikono yake. Nikaona aibu, nikaweka kikombe chini.

Nilichoweza kufanya nilifanya. Nimempeleka mahakama ya mwanzo, shauri la mirathi limefunguliwa, anasubiri kuitwa. Ile X ni ya kumsogezea siku tu, asije akauziwa nyumba akiwa ndani.

Kwa hiyo pale kijijini mimi ni afisa mpaka leo. Watoto wananikimbia, wazee wananivulia kofia, na hakuna namna ya kujisafisha bila kumuuza mama wa watu. Hata shemeji aliyeniamini mwanzo, X iliporudi nami nikaja kumfokea, aliamua mimi ni afisa kweli; hukaa barabarani kila Jumamosi akinisubiri.

"Afisa, wanavunja lini?"

"Mchakato unaendelea."

Hana simu ya mtandao, nimehakikisha.

Nilichojifunza: ukitaka kuweka alama ya njia, funga kitambaa kwenye mti, ukuta wa mtu uogope. Na sisi watu wa kushuku tuna ugonjwa wetu. Nilimshuku wa bodaboda, nikamshuku Fidelis, nikamshuku shemeji. Mama aliyekaa juu ya gunia akitetemeka sikumdhania kitu, nikamwona wa kuhurumiwa tu.

Sasa wanasheria wa humu, mwageni maoni. Mtu akijipigia X mwenyewe kwenye nyumba yake mwenyewe, kosa lake ni lipi, na aliyempa rangi naye anaingia?

Jibuni mapema. Mvua zimeanza kuipausha, na jana mama Salome amenipigia simu, anataka kopo jingine.