CD Iliyoandikwa KULA

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu, haya ninayokuandikia yabaki kwako na kwa hawa wasomaji wasionijua. Usitaje jina langu wala ofisi yangu. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nanyi mnaosoma mkiwa Kitale, mkihisi mnanifahamu, tafadhali nyamazeni. Msinisalimie kwa habari hii.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, karani katika ofisi moja mjini. Nimepanga chumba kimoja Matisi, katika ploti ambayo mwenye nyumba anaishi humo humo na mkewe. Nitawaita Baba Brenda na Mama Brenda. Kwetu ni Bungoma, kwao vilevile, ndiyo maana walinipokea kama mtoto wa nyumbani.

Kaka yangu alikuwa na studio ya video Kanduyi, ghorofani, dirisha likitazama barabara. Alirekodi harusi, mazishi, chochote. Alipopata kazi Sudan aliniletea CD zake zote katika magunia ya mahindi. "Dada, zitunze hizi. Wenyewe watazitafuta siku moja." Sasa chumba changu kina kitanda, meza na stovu. Ilibidi niruke gunia ndipo nifike mlangoni.

Nikaamua kuzipanga. Nilizitoa kwenye makasha, maana kasha ndilo linalomaliza nafasi, nikazirundika kwenye vile vifaa vya plastiki vyenye mti katikati, kama chapati kwenye sahani. Kila moja nilisoma alichoandika kaka. Yeye huandika kama anavyosema, na sisi watu wa Bungoma mnatujua, L na R kwetu ni pacha. Harusi kwake ni HALUSI. Sala ni SARA. Nilicheka peke yangu. Za mazishi nikazisukuma chini ya kitanda, za kwaya nikazipanga dirishani. Za sherehe zikakosa pa kukaa.

Mama Brenda akanionea huruma. "Si ulete hizo za sherehe kwangu bana, kabati la sebuleni liko wazi. Lakini nitakuwa naangalia, usiniambie ati ni siri."

Nikampelekea HALUSI zote, na moja iliyoandikwa KULA KANDUYI. Nilidhani ni karamu.

Jumapili moja baada ya kanisa walikuwa na wageni, wakaniita chai. Mama Brenda akaiweka hiyo kwenye deki. "Leo tuone watu wakila." Tukaona foleni ndefu nje ya shule. "Hawa nao wanangoja pilau gani?" akauliza, tukacheka wote. Halafu picha ikabadilika. Moshi, watu wanakimbia. Chini ya dirisha la kaka, mwanamume anatoka dukani na cherehani begani, na mama mmoja amemng'ang'ania shati akilia, "Niachie kazi yangu!" Mwanamume akamsukuma, mama akaanguka.

"Kumbe ni KURA!" mgeni mmoja akasema akicheka. "Lakini huyu naye anakula kweli, si..." Yule mwanamume wa kwenye picha alikuwa ameinua uso. Alikuwa Baba Brenda.

Cherehani ile ilikuwa pale pale sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma. Sketi ninayovaa kazini ilishonwa nayo. Mama Brenda alikuwa akituambia mumewe aliinunua mnadani Webuye.

Baba Brenda alizima deki, akaitoa CD, akaivunja kwa goti. Jioni akaja mlangoni kwangu. "Wee karani, ndugu yako alitoa ngapi?"

"Moja tu, baba."

"Hakikisha ni moja. Hapa unalala kwangu."

Nilimjibu hivyo nikiamini. Wiki iliyofuata nilipokuwa nazipanga upya zile za mazishi, nikaiona, imegandana na nyingine: KULA 2. Kaka hutoa nakala mbili za kila kitu. Sasa imo ndani ya pakiti ya unga, na kila nikisonga ugali nafunga mlango kwanza.

Ningeweza kuivunja na mimi. Lakini yule mama wa kwenye picha namfahamu. Ni fundi aliyekuwa akishona katika duka la mzee mmoja pale Kanduyi. Siku ya fujo mzee alikuwa amejificha msikitini, akamwachia duka. Aliporudi akaambiwa ati fundi mwenyewe ndiye aliyewagawia watu mali. Akamfukuza. Mpaka leo mama huyo anaitwa mwizi, anafulia watu nguo. Nikienda nyumbani hunisimamisha. "Mwanangu, kaka yako alikuwa dirishani siku ile. Hakukuachia picha?"

Nimemjibu mara mbili kwamba sijui.

Na juzi Mama Brenda alinifuata kwenye kamba ya nguo, akanong'ona bila kunitazama. "Najua kaka yako hutoa mbili mbili. Nina watoto wanne, dada. Usinibomolee nyumba." Huyu ndiye aliyenikorogea uji nilipougua malaria. Tangu Jumapili ile hajaigusa cherehani.

Nikiitoa, nitalala wapi, na Baba Brenda atanifanya nini? Nikiinyamazia, yule mama nitampita barabarani na uso gani? Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?

Admin, usinipigie simu. Kwangu hakuna umeme, simu naichajia sebuleni kwao, na siku hizi Baba Brenda huipokea. Wasomaji wajibu hapa hapa, nitasoma Jumamosi kwenye kompyuta za saiba. Majibu yakitosha, nitumie ujumbe wa maneno mawili tu: "Njoo tule." Akiusoma atadhani nimealikwa chakula. Mimi nitajua kura zimehesabiwa.