Entretien ya kamera ya Papa

Jumamosi baada ya Pasaka nilipoteza sauti ya Papa, baba yangu, mara ya pili. Mara ya kwanza ni mwaka jana, tulipomzika.

Papa alikuwa mpiga picha. Alipougua aliniachia kamera yake ya filamu, akasema, “Ufanye yake entretien kila mwaka, mvua kubwa ikiisha. Usiache.” Mimi shule niliacha mapema. Kwa Kifaransa changu kidogo, entretien niliyoijua ni yale mazungumzo ya kuomba kazi. Basi mvua zilipopungua niliishika kamera mikononi, nikaipa habari za nyumbani. Ikajibu: sss, kama Papa akivuta pumzi, kisha kimya. Nililia. Tangu hapo nikawa naongea nayo kila jioni, nayo ikinijibu.

Jumamosi hiyo haikujibu. Nikaipeleka kwa fundi, rafiki wa Papa, nikamweleza yote mbele ya wateja.

“Ilikujibu kwa Lingala ao Kiswahili?” mmoja akauliza, wengine wakacheka.

Fundi hakucheka. “Mutoto yangu, entretien iko kufungula, kusafisha, kutia mafuta. Papa yako alitega saa ndogo ya ndani ya kamera, ile ya kuhesabu mbele ya picha, ajipige picha, ikakwama. Joto ya mikono yako njo ilikuwa inaisukuma kidogo kidogo, mpaka mafuta ikakauka.”

Akadondosha tone la mafuta. Sss ikaanza tena, ndefu, na kicheko kikaisha. Kioo cha kamera kilikuwa kimenielekea mimi.

Klak.