Eda ya Wifi Yangu

Mama yangu alikuwa na jibu la kila kitu. Simu ya kaka haipatikani? Mtandao wa Msumbiji mbovu. Hajatuma hata salamu? Yule lini alikuwa na adabu! Mkewe kaja kisiwani kwetu Juani na mtoto na begi moja, yeye hayupo? "Atafuata," anasema mama, na chakula cha kaka anakifunika.

Kaka alikwenda dago, kama wavuvi wetu wanavyohamia pwani za mbali kufuata samaki, akavuka mpaka, akaoa kaskazini ya Msumbiji, akatulia. Vita vikamkuta huko. Wifi alipotufikia alikuwa amekonda mpaka pete inamtoka. Tukamnenepesha kwa mihogo. Ilipotimia kama nusu mwaka alikuwa ananicheka ninavyofunga mwani, eti nafunga kama nafunga mbuzi.

Basi bamvua moja, bahari imekupwa, tumo kwenye shamba la mwani, maji ya magoti, mwanangu mgongoni ananivuta hereni. Wifi akaacha kamba.

"Wifi, kakako amekufa. Nilimwona kwa macho yangu. Mwambie mama."

"Mimi? Kwani wewe huna mdomo?"

"Mimi mgeni. Nikimpelekea mavyaa msiba mlangoni atasema nimemla mwanawe."

Alitaka jambo moja tu: akae eda. Akae ndani miezi minne na siku kumi, bila hina, bila udi, ajulikane ni mjane. Msituni walikojificha alilia kwa kujiziba mdomo ili wasisikike. Na kwetu je, angemlia vipi mtu ambaye kila siku anawekewa sahani?

Nikamwuliza ni nani waliomwua. Nilitegemea majitu kutoka mbali.

"Vijana wa pale pale. Aliyetuchomea nyumba nilikuwa namwuzia vitumbua. Aliniita shangazi. Akaniambia, shangazi, kimbia."

Akanieleza huku anafunga mwani. Gesi ilipatikana, wavuvi wakahamishwa ufukweni wakapewa viwanja bara, mvuvi na kiwanja wapi na wapi. Kazi wakapewa watu wa mbali. Vijana waliokwenda kuchimba vito wakafukuzwa kwa virungu. Wakakaa barazani na hasira zao, wakaja watu wenye mawaidha na pesa, wakawaokota. Halafu askari nao wakaja, wakampiga kila aliyebaki.

Mimi nimeishia kidato cha nne, msinitafutie maneno makubwa. Watu wamekufa kwa gesi ambayo hata kukaangia samaki hawajapewa! Na huyo mtoto wa vitumbua asinitajie dini. Kaka hakukosa swala ya alfajiri, na bado wamemwua. Ningempata ningemzaba vibao mpaka amwite mamake, halafu ningemwuliza nani alimnyima kazi, nikamzabe na huyo.

Nyumbani nikamkuta mama anapepeta mchele. Nikasema yote kwa mkupuo, maana ningepumua ningekimbia.

Ungo haukusimama. "Mwongo huyo. Anataka kuolewa."

Wifi alikuwa mlangoni, nguo bado zinachuruzika maji ya bahari. "Ningetaka kuolewa, mama, ningekuja kukutwangia wewe?"

Mama akamtazama. "Mlimwosha?"

"Maji tungeyapata wapi? Tulimzika kwa mikono, mimi na jirani. Mchanga mtupu."

Ungo ukawekwa chini. Mama akajitanda kanga, akatoka, akarudi na shehe.

Shehe wetu mtu mpole. Akamwuliza wifi lini, akahesabu kwenye vidole, akahesabu tena, akakohoa. "Eda huanza siku mume anapokufa, si siku habari inapofika. Yako imekwisha, mwanangu. Huna deni."

Imekwisha! Imekwisha huku amefunga kanga yangu ya maua ya manjano, yumo baharini anacheka mafundo yangu, na nilimpaka hina sikukuu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Imekwisha?" wifi akauliza. Hakuonekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Alionekana kama aliyeibiwa.

"Sheria nimeisikia," mama akasema. "Akikaa ndani kwangu ni dhambi?"

"Si dhambi. Ila haitakuwa eda."

"Basi usiiite eda, shehe. Karibu chai."

Shehe alishaijua sauti ile. Alikunywa chai.

Mama akaingia chumbani kwake, kwenye kitanda alichotuzalia sisi sote, akahamisha nguo zake, akatandika shuka safi. Akamshika wifi mkono, akamwingiza, akarudisha mlango. Mimi nikabaki ukumbini na watoto wawili, wake na wangu, wanagombea mwiko.

Ndipo tukamsikia. Alilia kwa Kimwani, lugha ya kwao iliyo jirani na yetu. Nusu ya maneno sikuyapata, jina la kaka nililipata. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, mpaka watoto wakauachia mwiko.

"Kulikoni huko?" jirani akapaza sauti toka uani kwake.

Mama alikuwa amesimama kizingitini, mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Mwanangu kafa," akasema. "Njoo unisaidie kuwasha moto, watu watakuja."