Koti la Mkono Mmoja

Jamani, kuna aibu za kusimulia na aibu za kuzikwa nazo, na hii nilikusudia kuzikwa nayo, ila sasa nimepita miaka arobaini, mvi zimeshaingia kidevuni, na nikinyamaza mtasimuliwa na wengine watakaoongeza chumvi.

Nilitoka kwetu Tunduru na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia, nikapanda basi hadi Dar, gari moshi hadi Mwanza (nimesimama mpaka Tabora, karibu na choo), meli hadi Bukoba, kisha lori la chumvi lililopanda milima huku likikohoa, hadi nikatua Isingiro, Karagwe ya wakati ule, ambako sikuwa na ndugu wala rafiki. Nilikuwa na ufundi wa cherehani tu. Nikapewa nafasi kwenye baraza la duka moja, nikawa nashona sare za wauguzi wa zahanati na mabwana mifugo wa tarafa nzima.

Sare zile hazikufanana, kila mtu alikuwa na lake. Muuguzi mmoja, Adventina, alitaka mfuko wa kifuani ukae mshazari ili mkasi usimchome akiinama, na kwa mfuko huo alirudi kujaribisha mara nyingi kuliko mfuko unavyohitaji, mpaka na mimi nikaanza kuushona polepole. Tukapatana. Mshenga wangu alikuwa aende kwa baba yake, Mzee Rwegasira, Jumapili ile. Mzee mwenyewe sikuwahi kumwona.

Bwana mifugo wa Nyakatuntu yeye alitaka koti jeupe refu ambalo mkono wake wa kushoto unaishia begani kabisa, kwa sababu huo ndio mkono anaouingiza ndani ya ng'ombe. Kila mfugaji alilijua koti la namna hiyo, hata kwa mbali. Nikakata, nikapiga bandi (yaani ule uzi mrefu wa kushikizia tu, mteja ajaribu kwanza ndipo upite mshono wa kweli), nikalifunga kwenye baiskeli Ijumaa asubuhi, nikaondoka kwenda kumjaribisha.

Njiani mvua ikaninyeshea mpaka mfupani. Ilipokatika nikavua shati, nikalitundika kwenye usukani likauke, na kwa kuwa baridi ya kule haina huruma na mtu wa kusini, nikavaa lile koti juu ya kifua kitupu. Basi. Uamuzi wenyewe ndio huo.

Mama mmoja mwenye jembe akapiga goti, "Shikamoo, dakta." Nilitaka kumsahihisha, Mungu anajua, lakini baiskeli ilikuwa inateremka. Wa pili nikamwitikia marahaba. Wa tatu nikasimama nikamuuliza ng'ombe hawajambo, tena nikatikisa kichwa kama mtu aliyesomea.

Mara nikasikia kelele kutoka migombani. "Bwana mifugo! Bwana mifugo, waitu, tusaidie!" Mtu mzima anakimbia, kofia mkononi, na ile "waitu" yao ya kubembeleza mdomoni. "Mimi Rwegasira. Ng'ombe wangu ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Tumetuma mtu akuite, kumbe u njiani!"

Rwegasira! Ningesema nini? Kwamba nimevaa koti la watu? Nikaiona Jumapili, mshenga anataja tu jina langu, mzee anasema, "Huyo? Ndiye aliyemwokoa ng'ombe wangu!" Nikaegemeza baiskeli.

Wakaniletea maji ya moto na kipande cha sabuni, na miaka ile sabuni ilikuwa kitu cha kufungiwa kabatini. Nikanawa. Nikanawa tena. Nikaomba samli, nikaomba jani la mgomba, nikaomba majirani wakae mbali (wakasogea karibu zaidi). Mlangoni alisimama mke wa mzee, na mjue kwamba kwa desturi ya pale mkwe wa kiume na mama mkwe hata kutazamana usoni hawatazamani.

"Dakta," akasema mzee, "ng'ombe hazai kwa wewe kunawa."

Kwato mbili zilikuwa zimeshachungulia. Nikafumba macho, nikashika, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Ng'ombe akageuza kichwa aone ni nani huyu, na ng'ombe wa kule wana pembe ndefu kama mlingoti. Pembe ikapita ubavuni mwa koti, akanyanyua, na uzi wa bandi ukaachia trrrr kuanzia kwapani mpaka chini, pande zote mbili. Nikabaki kifua wazi na ukosi shingoni, koti likipepea pembeni kama bendera.

"Yesu wangu!" Mama akajifunika khanga uso mzima, akaingia ndani.

Kengele ya baiskeli ikalia. Bwana mifugo mwenyewe, na yule aliyetumwa kumwita. Akatazama pembe, akanitazama mimi.

"Fundi! Lile si koti langu?"

"Fundi?" mzee akauliza. "Fundi wa nini?"

"Wa cherehani," nikasema. "Shikamoo, mzee."

Jamaa mmoja alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Bwana mifugo akavua shati, akamtoa ndama mzima wa afya, akaniambia nishike taa, na taa yenyewe haikuwepo kwani ilikuwa mchana. Alitaka tu niondoke pale. Mzee akanisogelea taratibu.

"Wewe ndiye yule wa kusini, wa mshenga wa Jumapili?"

"Ndimi."

"Mwambie asijisumbue. Umeshafika mwenyewe."

Jumatatu Adventina alikuja barazani, macho mekundu, lakini nikaona mdomo unazuia kicheko. "Kwa nini hukusema wewe ni fundi? Suti ya baba ya kanisani ni wewe uliyeipunguza kiuno, nilikuletea mimi. Kila Jumapili anaisifia. Alikuwa anakungoja!"

"Nikamwombe radhi?"

"Baba angesamehe. Mama ndiye tatizo. Amekuona kifua. Anasema hawezi kula nyumba moja na mkwe ambaye kifua chake ameshakiona."

Nilishona koti upya, bure, lakini Isingiro nzima ilishaniita Dakta. Watu wazima walinipitishia mbuzi barazani, "Waitu dakta, huyu anakohoa," wanaenda kuangulia kicheko kwenye rubisi, pombe yao ya ndizi. Adventina hakurudi kujaribisha kitu tena. Kahawa ilipoanza kusafirishwa nikafunga cherehani kwa kamba, nikapanda lori la magunia, nikiapa kwamba maisha yangu yote mtu asinidhanie kuwa nisiye hata kwa dakika moja.

Mama mmoja aliyekaa juu ya gunia la pili akanigeukia. "Samahani, mwanangu, wewe..."

"Mimi ni fundi cherehani!" nikamkata. "Ng'ombe sijui, binadamu sijui, sijasomea lolote!"

Akanitazama kwa huruma.

"Nilitaka kusema, umemkalia kuku wangu."